Jumamosi ya Mtu wa Eastlands

Waandishi wa safari wana mazoea ya kuzisifu kero ndogo ndogo za njiani. Gurudumu likipasuka, mvua ikiwakuta watu porini, afisa wa mpakani akigomea karatasi iliyochakaa, yote hayo husimuliwa baadaye kwa furaha, na msomaji huambiwa kwamba safari isiyo na mkasa haina ladha. Dai hilo lina ukweli wake, lakini ni la watu wenye siku nyingi mkononi. Mwenye likizo ya wiki mbili akichelewa saa tatu mpakani, hasara yake ni ndogo, na jioni ana kisa cha kuwasimulia wenzake. Mkazi wa Kayole, Umoja au Maringo aliyepata Jumamosi moja ya kupumua, ambaye Jumapili ana ibada na nguo za kufua na Jumatatu yuko kazini kabla jua halijachomoza, akichelewa saa hizo hizo tatu amekosa kile alichokwenda kukiona. Uzito wa kero ya njiani unategemea muda alio nao anayepatwa nayo. Kwa kipimo hicho, vikwazo vinavyoitwa vidogo kwenye mpaka wetu na Tanzania si vidogo hata kidogo kwa watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ingepaswa kujipima kwa safari yao ya siku moja kabla ya kujisifia malori na makongamano.

Safari yenyewe inajulikana mitaani. Chama cha akina mama wa Buruburu, kwaya ya Kaloleni, walimu wa shule moja ya Donholm au wachuuzi wa Gikomba huchanga kwa miezi, mweka hazina akitia alama mbele ya jina kila mchango unapoingia kwa M-Pesa. Basi la abiria 33 hukodiwa. Watu hukutana kwenye steji saa kumi alfajiri, chapati na mayai ya kuchemsha yakiwa kwenye vibakuli, watoto wachache wamelala mabegani. Nchi ya kigeni iliyo karibu nao zaidi ni Tanzania, na mji wa kwanza mkubwa huko ni Arusha. Basi hupita Athi River, Kitengela, Kajiado na Bissil hadi Namanga, mwendo wa kilomita 160 hivi, kisha Longido na kushuka hadi Arusha, kilomita 110 nyingine. Huko kuna Mlima Meru unaopita mita 4,500, Ziwa Duluti, Mnara wa Saa, boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900 ambalo leo ni makumbusho, na Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile la Februari 1967 ambalo wazee wengi wa Makongeni na Jericho walilisikia redioni wakiwa vijana na hawajawahi kuuona mji lilikotangazwa.

Tupige hesabu ya siku hiyo. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 18. Barabara hula karibu saa 10, kwenda na kurudi, ikiwa hakuna kilichoharibika. Mpaka ukichukua saa moja kila upande, zimebaki saa sita za Arusha: muda wa kutosha kuzunguka makumbusho mawili, kula nyama choma na ndizi, na kukaa kidogo kando ya Duluti. Mpaka ukichukua saa tatu asubuhi na mbili jioni, zimebaki saa tatu, na katika saa tatu kikundi cha watu 33 hula, hujisaidia, hununua kanga na vinyago, kisha huanza kuhesabiana ili warudi. Hapo ndipo utawasikia watu wakisema walifika Arusha lakini hawakuiona. Hakuna ajali iliyotokea, hakuna aliyeibiwa, na hakuna ofisi itakayoandika popote kwamba jambo limeharibika.

Kero hizo zinatoka wapi? Nyingi zinatokana na karatasi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo Mkenya anayeelekea Namanga anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Sasa tazama ramani ukiwa umesimama Eastlands. Mpaka wa Busia, unaofunguka kwa kitambulisho, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Nairobi. Hakuna kikundi kitakachoenda Uganda kutembea na kurudi usiku huo huo. Mpaka wa Namanga, unaofikika kabla ya chai ya asubuhi, ndio unaodai pasipoti au hati hiyo ya muda. Wepesi tulioahidiwa uko mahali tusipoweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Na pasipoti si kitu cha kuchukulia kwamba kila mtu anayo. Katika miaka ya 2022 na 2023 maombi yalirundikana Nyayo House, ofisi ya uhamiaji jijini Nairobi, mashine za kuchapisha zikiharibika, na watu wakangoja kwa miezi. Mwenye kwenda kazini Ghuba atavumilia foleni hiyo kwa sababu mshahara unamngoja. Mama wa Shauri Moyo anayetaka kuuona Mlima Meru mara moja katika maisha yake atajiuliza kama inafaa, na wengi hujijibu kwamba haifai.

Kuna pia kadi ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kutoka kwa wanaoingia wakitokea nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha. Siyapingi matakwa hayo, maana homa ya manjano huua na chanjo yake ni nzuri: tangu Julai 2016, kwa uamuzi wa Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatambuliwa kwa maisha yote. Lakini cheti hicho huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa. Maana yake, aliyeisahau kadi juu ya kabati huko Komarock, au ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba inahitajika, hana dawa halali ya kosa lake siku hiyo. Msafiri mwenye wiki mbili anaweza kubadili ratiba yake. Wa Jumamosi moja hana pa kujificha: anarudi nyumbani, au anatafuta njia ya kichochoro, na hapo mpaka unakuwa umemfundisha mtu mwaminifu kutoa hongo.

Ni vizuri kuangalia kwa karibu kinachotokea ndani ya lile jengo la pamoja la Namanga, lililofunguliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Utaratibu wake ni mwema: anayetoka Kenya hasimami mara mbili, hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, upande wa Tanzania. Basi likisimama, wote hushuka na mizigo yao. Mikoba hulazwa kwenye ukanda wa mashine. Kwenye meza ya afya kadi za manjano hufunuliwa moja moja. Kisha dirishani: vidole kwenye kioo, uso mbele ya kamera, muhuri. Kwa mtu mmoja mwenye karatasi kamili si kazi ya muda mrefu. Ila kikundi hakisafiri kama mtu mmoja. Mmoja akikwama, wote wamekwama, kwa sababu hakuna chama cha mtaani kitakachomwacha mwenzao mpakani na kuendelea kwenda kula nyama. Mwenyekiti atazunguka madirisha akiombaomba, katibu atapiga simu nyumbani ili picha ya kadi itumwe kwa simu, dereva atasogeza basi mara mbili apishe malori, akina mama wa Kimaasai watawauzia shanga waliobaki kivulini, na saa zitakwenda. Kosa la mtu mmoja hulipwa na watu 33. Msafiri anayejitegemea, mwenye gari lake au kiti chake kwenye basi dogo la shuttle, hauoni mzigo huu, na nadhani ndiyo sababu ripoti zinazosifu kasi ya Namanga na malalamiko ya vikundi vya Eastlands vinaweza kuwa kweli vyote viwili.

Gari nalo lina mambo yake. Nganya, yaani matatu inayong'ara ya Umoja, ina leseni ya njia yake ya mjini, na leseni hiyo haitoshi kuvuka nayo nchi. Wanaojua hukodi basi lenye vibali vya kimataifa na kulipa zaidi. Wasiojua hushushwa Namanga na kupanda magari mengine upande wa pili, bei ikipatanwa huku jua likipanda. Barabara ya kuelekea Arusha hupita vijijini, penye vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa na askari wenye kamera, na kosa moja la barabarani ni faini ya shilingi 30,000 za Tanzania. Hili silihesabu kuwa kero. Watoto wa vijiji hivyo wanastahili kuvuka barabara wakiwa hai, na madereva wetu waliozoea kukimbizana Jogoo Road wanahitaji kufundishwa adabu hiyo. Nalitaja ili ieleweke kwamba sidai kila kinachomchelewesha msafiri kiondolewe.

Ninachodai ni kwamba kero hizi zimetengenezwa na watu, na waliozitengeneza wanaweza kuzitengua. Historia ya mpaka huu inathibitisha. Mapema miaka ya 1970 magari ya watalii yalitoka Nairobi, yakapita Maasai Mara, yakavuka kuingia Serengeti na kuendelea hadi Ngorongoro. Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka na kuyashikilia magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande wake. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Ulipofunguliwa, njia ya kutoka Mara moja kwa moja hadi Serengeti haikurudishwa kwa watalii, na hadi leo nyumbu huvuka pale ambapo mtalii hulazimika kuzunguka. Baadaye mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010 ikiahidi uhuru wa watu kwenda na kurudi. Ibara ya 9 ya itifaki hiyo inaziruhusu nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kuwa hati za kusafiria. Mlango wa kisheria umekuwa wazi muda wote huo. Kilichokosekana ni makubaliano.

Na mahali ambapo makubaliano yamekosekana ndipo historia ya Eastlands inapozidi kuuma. Mitaa hii ilijengwa kwa ajili ya watu ambao serikali ya kikoloni ilitaka wawe na sababu ya kuwapo kila walipokuwa. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika mwenye zaidi ya miaka 16 abebe kipande, akikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha bati, kikionyesha anamfanyia kazi nani. Pumwani ilipimwa ili Waafrika wa mjini wakae sehemu moja inayosimamiwa. Nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni zilikuwa za wafanyakazi wa reli. Kazi ikiisha, chumba kimekwisha. Mtu aliyekuwa njiani bila sababu alikuwa mzururaji, na uzururaji ulikuwa kosa la jinai. Sheria nyingi za aina hiyo zilifutwa baadaye, lakini swali la kwa nini upo ulipo lilibaki. Aprili 2014, mwaka ule ule wa safari za vitambulisho, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch uliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao kutoka Eastleigh, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani hadi wathibitishe wao ni nani. Kijana wa Majengo au Eastleigh anajua tangu utotoni kwamba karatasi zake hutazamwa mara mbili.

Ndiyo maana safari nyingi za watu wa Eastlands zina sababu inayoeleweka na kila mtu. Wanakwenda mashambani kuzika, kuoa, kupeleka pesa, kutazama wagonjwa. Wanavuka Namanga kununua vitenge na mchele. Afisa akiuliza, jibu lipo. Anayesema anakwenda kutembea tu, kuutazama mji na kurudi, hutia shaka: mbona huna mizigo, mbona huna mwenyeji, mbona unarudi leo? Ilhali Mzungu aliyetoa jibu hilo hilo kwenye dirisha la pili hakaribishwi kwa shaka. Kutazama ndiyo kazi inayotarajiwa kwake, na kwetu lugha yote ya utalii imetengenezwa kwa ajili yake. Kwa hakika Wakenya huwa miongoni mwa wageni wanaoingia Tanzania kwa wingi zaidi kila mwaka, na Watanzania ni miongoni mwa wanaoongoza kuja Kenya. Ni wageni, wanalipa, wanakula, wanalala au hawalali. Bado hakuna anayewaita watalii wala kuwapangia chochote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Dandora ina jaa linalotoa moshi, Kayole ina mifereji mibovu, kodi za nyumba zinapanda, na mwandishi anahangaikia watu waende kutazama ziwa? Pingamizi hili ni zito na linatoka kwa watu wema. Lakini linakubali bila kujua ule mpango wa zamani, kwamba mtu wa mtaa wa wafanyakazi apewe maji na kazi, na vilivyobaki ni vya wengine. Hakuna anayemwambia mkazi wa Karen asiende Zanzibar hadi barabara yake itengenezwe. Tena mabadiliko haya hayachukui senti kutoka kwenye mifereji ya Kayole. Kukubali kitambulisho Namanga ni uamuzi wa wizara mbili, na gharama yake hailingani na gharama ya kilomita moja ya lami. Na kuna faida isiyoonekana kwenye bajeti: aliyeona kwamba Arusha nayo ina foleni za maji, wachuuzi wa barabarani na vijana wasio na kazi hatamwamini kirahisi mwanasiasa atakayemwambia kwamba jirani ndiye adui yake.

Hoja ya usalama ni ngumu zaidi. Tanzania ina haki ya kujua nani anaingia, na Kenya, iliyoshambuliwa na magaidi Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015, haina ujasiri wa kumfundisha mtu kulegeza mpaka. Ila kitambulisho hakimfichi mtu. Kina picha, alama za vidole ziko kwenye hifadhidata, na vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyowekwa kwenye kioo pale dirishani. Uganda imekuwa ikivipokea vitambulisho vyetu kwa zaidi ya miaka kumi na haijavikataa. Anayetaka kupita kwa nia mbaya hapiti dirishani kwa basi la kwaya. Mpaka huu ni mrefu na una vichochoro vingi, na afisa anayetumia nusu saa kubishana na mama kuhusu ukurasa wa pasipoti ni afisa aliyeondolewa kwenye kazi ya kuvilinda vichochoro hivyo.

Watanzania nao wana lao, na wana haki ya kulisema. Zamani walilalamika kwamba watalii wa Serengeti waliacha pesa zao Nairobi na vumbi Tanzania, na hofu hiyo haijaisha: Julai 2025 serikali yao ilizikataza biashara kadhaa ndogo kwa wasio raia, kazi ya kuongoza watalii ikiwemo. Kikundi kinachokuja na basi lake, chakula chake na kiongozi wake, kikaacha chupa za plastiki ufukweni Duluti, hakimfaidi mwenyeji. Jibu lake ni sisi kubadilika: tukodi kiongozi wa Arusha, tule Arusha, tulipe viingilio bila kunung'unika, maana Tanzania tayari inawatoza raia wa Afrika Mashariki sehemu ndogo tu ya kile inachowatoza wageni wa mbali. Vilevile ni kweli kwamba nusu ya ucheleweshaji ni wetu wenyewe. Basi la saa kumi linaloondoka saa kumi na mbili kwa sababu ya watu wanne limekwishapoteza Arusha kabla ya kufika Mlolongo, na hakuna wizara ya kulaumiwa.

Zipo sababu za kuharakisha. Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika liliipa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, na Arusha ikaanza kujengewa uwanja wa mashabiki 30,000. Mashabiki wa Eastlands hawatapanda ndege. Watachanga, watakodi basi, watakutana kwenye steji alfajiri, na watataka kurudi usiku. Vikundi vinavyopanga safari ya Desemba vikague kadi za manjano wiki tatu kabla, vichanje wasiochanjwa, na viulize vibali vya basi kabla ya kulipa. Na vifanye jambo moja zaidi. Kenya ina wabunge 9 waliochaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako Arusha, mwisho wa barabara hii hii. Waandikieni, mkiwa chama, kwaya au shule, muwatajie tarehe ya safari yenu na saa mlizokaa Namanga, na muwatake wawasilishe ombi kwamba Kenya na Tanzania zikubaliane juu ya kitambulisho chini ya Ibara ya 9.